Watoto Wanne wa Shubakani

Sidi Dzoro alikuwa amekaa na Bi Mwanakuu miaka mingi kiasi kwamba wapangaji wapya wa mtaa waliwadhania ndugu. Alifika Mji wa Kale akiwa msichana, kutoka upande wa Kaloleni, baada ya kuwalea wadogo zake waliofiwa na mama. Akaanzia jikoni, akahamia kwenye kufua na kupiga pasi, akamlea Zein, mwana wa nyumba, mpaka akaota ndevu. Bi Mwanakuu alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza, Sidi akawa ndiye mkono wake na mguu wake.

Alikuwa na binti mmoja, Beryl, aliyeolewa akakaa Tudor. Kabla ya Beryl alizaa mtoto wa kiume, Kenga, aliyefariki kabla hajajua kukaa. Wiki ile babewatoto alikuwa akilia juu ya paa la nyumba ya mumewe, na mama mkwe wake hakutafuta sababu nyingine. Babewatoto ni yule bundi mweupe ambaye watu wa pwani wanamchukia kuliko ndege yeyote; husemwa kwamba akilia juu ya nyumba yenye mtoto mchanga, mtoto hapati usalama. Sidi hakuwahi kusema kama aliamini au hakuamini. Lakini kila alipomsikia, mwili ulimsisimka, akatafuta kazi ya kushughulisha mikono.

Kwa hiyo alipogundua kwamba babewatoto amezaa juu ya nyumba, jambo la kwanza alilofanya ni kushika ufagio.

Masika yalikuwa yanamalizika. Alikuwa amepanda sakafuni, juu kabisa ya nyumba, kuanika mashuka. Kando ya sakafu ile palikuwa na stoo isiyotumika, ambayo dirisha lake la mbao lilikwisha kuoza. Ndani mlisikika sauti ya kufoka, kama birika lililochemka likasahauliwa. Sidi akasukuma mlango. Katika shubaka la ukutani, mahali ambapo zamani paliwekwa taa, makinda manne yalikuwa yamebanana kama watu waliokosa nafasi kitandani. Yalikuwa na manyoya meupe ya kutifuka, na nyuso zao zilichongeka mfano wa kopa la karata. Hawakulingana. Mkubwa alikuwa karibu mara tatu ya mdogo, kwa kuwa babewatoto hutaga yai moja, akakaa, akataga jingine, na mayai huanguliwa kwa zamu hiyohiyo. Mdogo alikuwa amejiingiza chini ya kifua cha mkubwa, na kilichoonekana ni mdomo wake tu.

Wote wanne walimgeukia Sidi na kuyumbisha vichwa, kushoto na kulia, wakifoka.

Alisimama na ufagio wake. Aliogopa kuwagusa kuliko alivyoogopa kuwaacha. Mwishowe akarudi nyuma, akafunga mlango polepole, akashuka bila ya kuanika shuka hata moja.

Bi Mwanakuu aliona usoni mwake kwamba kuna jambo. Maneno yake yalitoka kwa shida tangu maradhi, lakini akili yake ilikuwa timamu.

"Umeona nini huko yuu?"

"Babewatoto, Bibi. Amezaa stoo."

"Wangapi?"

"Wanne."

Bi Mwanakuu akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwa kuwa ule mwingine haukumtii, na Sidi akasimama kumtazama, maana hakuwa amemsikia akicheka tangu alipoanguka.

"Mamangu angekuwa hai, angeihama nyumba," akasema. "Waate, Sidi. Wana mama yao."

Basi Sidi akawaacha. Kila asubuhi, akishamwosha Bi Mwanakuu na kumnywesha uji, alipanda na nguo zake, na akirudi aliulizwa.

"Yeo wamekula?"

"Wamekula, Bibi. Pana panya amebaki kando."

"Na yule mdogo?"

Mdogo ndiye aliyeulizwa zaidi. Sidi alianza kukaa muda mrefu kidogo kila siku ili apate la kueleza. Aliwaona wakichambuana manyoya ya shingoni, mmoja mmoja, kwa utulivu, kama wanawake wanaosukana nywele barazani. Aliwaona wakilala wakiwa wamerundikana, mkubwa nje, wengine ndani. Aliona vitonge vya mifupa na manyoya ambavyo walivitapika baada ya chakula, vimetapakaa chini kama kokwa. Na asubuhi moja aliona jambo alilolirudia kwa Bi Mwanakuu mara tatu. Mkubwa alikuwa na panya mdomoni. Mdogo alikuwa akilia kwa ile sauti yake nyembamba. Mkubwa akapita juu ya migongo ya wengine wawili, akamweka panya mbele ya mdogo, akarudi mahali pake.

"Alimpa mwenyewe?" Bi Mwanakuu akauliza.

"Mwenyewe, Bibi. Hakulazimishwa na mtu."

"Kama wewe na nduguzo," Bi Mwanakuu akasema.

Sidi akachukua bakuli la uji kwenda kuliosha. Wadogo zake wawili kati ya watatu walikuwa wamekwisha kufa ukubwani.

Nyumba iliyopakana na yao ilikuwa imepangishwa kwa Kioko, mfanyakazi wa reli kutoka Ukambani, na mkewe Jacinta. Walikuwa na mtoto mchanga aitwaye Sheryl. Jioni moja, kabla ya magharibi, Jacinta alikuja mlangoni na mtoto mgongoni. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama Beryl, hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mwanangu. Karibu ndani."

"Sikai. Nimekuja kuomba." Akatazama juu. "Yule ndege. Kila jua likitua analia juu ya nyumba yenu, ndiyo pia juu yetu. Sheryl ana homa, kifua kinabana, ziwa halitaki."

"Umempeleka hospitali?"

"Tumempeleka. Amepewa dawa, tumeambiwa tumrudishe asipopata nafuu. Lakini nitampaje dawa na huyo yuko juu anamwita?"

Sidi akamgusa mtoto pajini. Alikuwa wa moto. Alitaka kusema kwamba ni ndege tu, anakula panya, hana habari na watoto wa watu. Maneno hayo aliyajua, aliyasikia kwa Zein. Hayakutoka. Alimwona Kenga wake, na mama mkwe wake akitazama paa.

"Mrudishe hospitali yeo hii," akasema. "Usingoje kesho."

"Na ndege?"

"Nitaona la kufanya."

"Naomba uwatoe, Mama Beryl. Wewe ni mama."

Sidi hakulala vizuri. Asubuhi alipanda akawatazama wanne wale, na akafikiria gunia, na akafikiria ni wapi angewapeleka. Hakuona mahali. Wakati alipokuwa amesimama pale, mama yao alikuwa tayari amekufa, ila yeye hakujua.

Alimkuta alipokwenda dukani kununua sukari. Alikuwa amelala uchochoroni, bawa moja limefunguka juu ya jiwe la ukingo wa mfereji, manyoya ya mgongo yaking'aa rangi ya dhahabu na majivu. Hakuwa na jeraha. Damu kidogo ilikuwa imetoka mdomoni. Sidi aliinama, akamwokota. Hakuwahi kumwona karibu hivyo, na alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Mwenye duka la nafaka pale pembeni alikuwa Kavumbi, mzee mpole wa Rabai. Alimwona akiwa amembeba ndege, akatoka nje.

"Huyo amekula panya wangu," akasema kwa masikitiko. "Tumeweka sumu, Mama. Panya wametuharibia magunia baada ya mvua hizi. Mimi nimeweka, na wa kule chini nao wameweka."

"Ana watoto juu."

"Sikujua."

"Unaweza kuiondoa?"

"Yangu nitaiondoa sasa hivi, wallahi. Na wenzangu nitawaambia." Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Lakini ile iliyokwisha liwa iko matumboni mwa panya. Hiyo nitaiitaje irudi?"

Sidi alimfukia ndege katika kipande cha udongo nyuma ya nyumba, penye mlangilangi. Bi Mwanakuu alipouliza, alimwambia watoto wazima. Ilikuwa kweli bado.

Baba yao aliendelea kuleta chakula. Na hapo ndipo Sidi alipokosa njia. Kila panya aliyeletwa aliweza kuwa chakula na aliweza kuwa sumu, na kwa kumtazama huwezi kujua. Aliondoa kila panya aliyemkuta asubuhi, akawapa vipande vya kuku aliowakata pamoja na mifupa. Lakini walio wengi waliletwa gizani, yeye akiwa chini kando ya kitanda cha Bi Mwanakuu, na alisikia makelele ya kufurahia chakula, akajua wanakula, wala hakujua wanakula nini.

Beryl alimtafutia nambari ya simu ya mama mmoja anayetunza ndege walioumia, mbali huko bara. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unafanya vizuri," akamwambia. "Endelea na kuku, mwachie na manyoya kidogo, wanayahitaji. Lakini huwezi kumzuia baba yao."

"Nikiziba dirisha?"

"Ukiziba, baba hataingia tena. Utawalea peke yako hadi waruke, na hawatajua kuwinda. Unaweza?"

Sidi akatazama mlango wa chumba. Bi Mwanakuu alihitaji kugeuzwa, kuoshwa, kulishwa. "Sidhani," akasema. "Waweza kuja kuwachukua?"

"Sina gari la kufika huko, mama. Nikipata mtu anayeteremka Mombasa nitakupigia."

Hakumlaumu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuulizwa jambo hilohilo na watu wengi. Mtu wa kuteremka hakupatikana.

Wa kwanza kufa alikuwa wa pili kwa ukubwa. Sidi alimkuta chini ya shubaka, kifudifudi, damu mdomoni kama mama yake. Wenzake walikuwa wamesogea, wakaacha nafasi yake wazi. Siku chache baadaye alikuwa mkubwa mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mbele kila chakula kilipoletwa, na ndiye aliyekuwa amekwisha kuota manyoya ya kurukia, amebakiwa na utando mweupe kichwani tu. Hakufa mara moja. Alikaa kwenye pembe ya stoo, macho yamefumba nusu, na Sidi alipomkaribia hakufoka. Alimtia maji kwa ncha ya kidole. Yakamteleza. Mdogo alikuwa ameshuka kutoka shubakani, hata haijulikani alishukaje, akawa amejikunja chini ya bawa lake.

Sidi aliketi kwenye sakafu ya saruji na mashuka mabichi mapajani. Aliwahi kuketi hivyo mara moja tu maishani, na mara ile palikuwa na wanawake wengine waliomshika mabega.

Alipotelemka, Bi Mwanakuu hakumwuliza kama wamekula.

"Yeo hukusema neno ulipokuja," akasema.

"Nimechoka tu, Bibi."

"Na jana pia ulichoka?"

Sidi akainama kunyoosha shuka la kitanda.

"Mimi siwezi kupanda," Bi Mwanakuu akasema polepole, akitafuta kila neno. "Siwezi hata kugeuka. Nina haya mato na haya masikio tu. Ukinidanganya, n'na nini tena?"

Ndipo Sidi akaketi ukingoni mwa kitanda akamweleza yote, tangu uchochoroni. Bi Mwanakuu alimsikiliza bila ya kumkatiza. Mwisho akauliza habari za yule mdogo, na Sidi akasema yu hai, lakini ni mdogo mno, na aliyekuwa akimpa chakula ameondoka. Bi Mwanakuu akageuza uso ukutani. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mkono wa upande ule haukufanya kazi, Sidi ndiye aliyemfuta.

Wiki hiyohiyo Jacinta alirudi. Mtoto alikuwa mgongoni, amechangamka, anavuta ushanga wa mama yake. Walimrudisha hospitali siku ileile, wakalazwa, mtoto akatiwa oksijeni, na sasa alikuwa mzima. Jacinta alileta mfuko wa machungwa. Akamshika Sidi mikono miwili.

"Nilisikia kwa Mzee Kavumbi kwamba yule ndege amekufa," akasema kwa sauti ya chini. "Sitakuuliza ulifanyaje. Nilikuja kukushukuru. Mungu akuzidishie."

"Jacinta, mimi sikumwua."

"Najua, Mama Beryl. Mambo kama hayo mtu hasemi."

"Ni dawa ya hospitali iliyomponya mtoto."

"Ndiyo, na dawa pia," Jacinta akasema, akatabasamu kama mtu anayetunza siri ya mwenzake.

Sidi alimtazama Sheryl. Mtoto alimcheka. Alifurahi mtoto kupona, furaha ya kweli, na wakati huohuo alishikilia mfuko wa machungwa asiyoweza kuyakataa wala kuyastahili. Kumweleza Jacinta zaidi kungekuwa kumrudishia hofu aliyokwisha kuitua. Akampokea mtoto, akambeba kidogo, akamrudisha.

Ijumaa baada ya sala Zein alikuja kutoka Kizingo, kama ilivyokuwa ada yake.

"Shikamoo, Da Sidi."

"Marahaba, baba."

Alikaa na mama yake, akambusu mkono, kisha akamwita Sidi pembeni, kwenye ngazi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba vidonda vya mgongoni vikianza ni hatari, na nyumba ile na ngazi zake haimfai mgonjwa. Alikuwa ametayarisha chumba cha chini kwake, na kitanda kinachoinuka. Watahamia Jumatatu. Sidi atakwenda naye, hilo halikuwa na swali. Nyumba itaingia mafundi, kwa kuwa boriti za juu zimeliwa na mchwa.

"Za juu?" Sidi akauliza.

"Za stoo ndiyo mbaya zaidi. Wataanza hapo."

"Mna ndege, baba. Wamebaki wawili. Hawajaruka."

Zein alijua habari za ndege. Mama yake alimsimulia. Akajikuna kidevu. Hakuwa mtu wa moyo mgumu. "Wanahitaji muda gani?"

"Mmoja karibu. Anapiga mabawa, anafika dirishani anarudi. Yule mdogo bado sana."

"Fundi nimemwahidi, na akituacha ana kazi nyingine mpaka Ramadhani. Paa likianguka, Da Sidi, litaangukia nyumba ya jirani, na mna mtoto mle." Akahesabu siku kwa vidole. "Nitamwambia aanze chini, aache stoo mpaka mwisho wa juma. Zaidi ya hapo sina."

Angewezaje kumwambia kwamba muda huo hautoshi? Nyumba haikuwa yake, wala mama hakuwa wake, wala hao ndege. "Ahsante, baba," akasema.

Asubuhi ya Jumatatu alipanda mara ya mwisho kabla ya gari kufika. Wa tatu alikuwa juu ya kizingiti cha dirisha, akitazama mapaa. Mdogo alikuwa shubakani peke yake. Sasa alikuwa na uso kamili na miguu mirefu isiyomfaa, na alichukua kipande cha kuku kutoka kwenye ncha ya mwiko bila ya woga. Sidi alimwachia nyama nyingi, akijua kwamba kwa joto lile haitafika jioni.

Kizingo ni kimya. Nyumba zina bustani, na mtu akitaka kitunguu hupanda gari. Bi Mwanakuu aliwekwa kwenye kitanda kipya, akainuliwa, akateremshwa, na kila aliyekuja kumwona alikisifu kitanda. Sidi aliomba ruhusa ya kwenda Mji wa Kale, lakini siku mbili za kwanza mgonjwa alishikwa na homa, na ya tatu daktari alikuja. Alipopata nafasi ilikuwa Alhamisi.

Fundi aliitwa Dancan. Alikuwa ngazini, amejaa vumbi la chokaa. Alimsalimu kwa adabu, akaonyesha kwamba anamjua ni nani.

"Stoo sijaigusa, Mama. Bosi alisema."

"Wako?"

"Mmoja aliruka juzi, jua linatua. Nilimwona mwenyewe. Alikwenda mpaka ukuta wa msikiti, akakaa, halafu akaja mwingine mkubwa, wakaondoka wote."

"Na mdogo?"

Dancan akavua kofia yake, akaikung'uta kwenye goti. "Alitaka kufuata. Nilimkuta jana asubuhi chini, kwenye karai la saruji. Ilikuwa haijakauka, nikamtoa, nikamwosha. Nilimweka ndani ya boksi kivulini. Nilimpa maji, Mama. Nilimpa hata samaki wa chakula changu. Alishinda nami mpaka adhuhuri."

Sidi akaitikia kwa kichwa. Alipanda hata hivyo. Stoo ilikuwa tupu. Shubakani palikuwa na tandiko la vitonge na manyoya meupe yaliyotikisika kila upepo ulipopita dirishani. Alikaa hapo kidogo. Kutoka chini alimsikia Jacinta akimwimbia mtoto, na kutoka mtaani tuktuk ikipiga honi mpaka watu wapishe.

Alirudi Kizingo kabla ya alasiri. Bi Mwanakuu alikuwa macho, akimngoja. Sidi alivua viatu, akanawa mikono, akaketi, akamweleza kama alivyoelezwa, karai na boksi na samaki, bila ya kuacha kitu.

"Moya basi," Bi Mwanakuu akasema.

"Mmoja, Bibi."

"Na baba yake alikuya kumtukua."

"Alikuja. Fundi amewaona."

Bi Mwanakuu akafumba macho. Wakakaa hivyo mpaka muuguzi wa jioni akaingia na sinia la dawa, na Sidi akanyanyuka kumpisha.